Kiende na Orodha ya Nukta Nyekundu

Kiende hasomi ukurasa wowote kabla ya kuufunika ule wa pili kwa mkono wa kushoto. Hata kitabu cha nyimbo kanisani hukishika hivyo, kiganja kikiwa kimelala juu ya beti ambazo bado hazijaimbwa. Niliwahi kumwona akisoma karatasi ya dawa ya kikohozi kwa namna hiyo, vidole vikishuka mstari mmoja mmoja, kana kwamba kipimo cha kijiko kingemrukia. Nilimuuliza mbona mtu mzima wa miaka arobaini na mitano anasoma hivyo.

"Macho hayana adabu," akasema. "Ukiyaachilia yanatangulia."

Alianza tabia hiyo mwaka 1996, katika bweni la shule moja ya wasichana upande wa Runyenjes, akisoma vitabu vya kutisha. Yeye alikuwa kidato cha tatu, mimi cha pili. Alikuwa mmoja wa wachache waliotoka Meru, na wasichana wa Embu walipenda kumwigiza anavyosema. Alipokuja na vitabu hawakumwigiza tena.

Zilikuwa riwaya nyembamba za Kiingereza, zilizoandikiwa vijana wa ng'ambo. Shangazi yake aliuza mitumba sokoni Meru, na mara kwa mara, chini kabisa ya robota, palitokea vitabu vitatu vinne vilivyonuka dawa ya nondo. Jalada lilikuwa na fuvu, au mlango ulioachwa wazi kidogo, na herufi zilizochorwa kama zinachuruzika. Ndani mlikuwa na wasichana wa umri wetu waliobaki peke yao katika nyumba kubwa. Simu zililia. Theluji ilianguka. Kulikuwa na chumba chini ya kila nyumba, na hakuna aliyejua chumba hicho ni kitu gani hadi Kiende alipotufafanulia: "Ni kaburi lenye taa."

Simu ndiyo iliyotutesa zaidi. Katika bweni letu la wasichana arobaini sidhani kulikuwa na watano waliokuwa na simu nyumbani. Tuliiogopa kabla ya kuishika.

Kitabu kimoja hakingetosha watu thelathini kwa muhula mzima, kwa hiyo Kiende alivikata. Si kwamba alivirarua. Alikunjua mgongo wa kitabu, akapitisha wembe taratibu kwenye gundi, akakigawa mafungu sita, kisha akashona kila fungu kwa uzi wa somo la sayansi kimu. Mafungu yote sita yalizunguka kwa wakati mmoja. Kila fungu lilikuwa na namba yake na karatasi ya majina iliyobanwa mbele. Ukimaliza kusoma, unatia nukta nyekundu kando ya jina lako na kumpa anayefuata. Sheria ilikuwa moja tu: husimulii.

Karatasi hizo niliziandika mimi. Mwandiko wa Kiende ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye majivu, na wangu ulinyooka. Hiyo ndiyo sababu mtoto wa kidato cha pili alikubaliwa kukaa kitandani kwa Kiende Jumapili alasiri, wakati wengine wakifua, akiwa na biro nyekundu na rula. Nilijiona karani wa jambo kubwa.

Ubaya wa mpango ule ni kwamba fungu la tano lingeweza kukufikia kabla ya la pili. Nilijua muuaji ni nani kabla ya kujua nani ameuawa. Nilikutana na wasichana wakilia juu ya maiti, halafu wiki mbili baadaye maiti yule anakula aiskrimu. Hivyo ndivyo nilivyosoma vitabu vyote vya utoto wangu, kuanzia katikati.

Miaka hiyo nchi nzima ilizungumzia ibada za shetani mashuleni. Redio ilisema, wahubiri walisema, wazazi walitazama sare za watoto wao wakitafuta alama. Muhula wa pili, wiki moja kabla ya mitihani ya majaribio, msichana wa kidato cha nne alipiga yowe wakati wa chakula cha mchana na kuanguka juu ya sahani yake ya githeri. Kesho yake wakaanguka saba. Siku ya tatu masomo yakasimama. Wachungaji wakaletwa kuombea madarasa, na walimu wakapekua mabweni.

Chini ya godoro la msichana mmoja walipata fungu la kwanza, lile lenye jalada.

Nimelifikiria mara nyingi jinsi lilivyoonekana mikononi mwa naibu wa mwalimu mkuu. Fuvu. Namba moja. Uzi mweusi. Karatasi yenye majina thelathini yaliyopangwa kwa rula, na kando ya majina kumi na saba, nukta nyekundu. Kwake yeye kumi na saba walikuwa wameshajiunga na kumi na watatu wanasubiri. Hakuwa mjinga. Alikuwa mwanamke aliyeogopa, mwenye wasichana waliozirai pande zote, na alikuwa ameshika karatasi iliyojibu kila kitu.

Tuliitwa mmoja mmoja kwa kufuata orodha. Mimi nilikuwa wa tisa.

"Hii imeandikwa na nani?" akaniuliza.

Niliutazama mwandiko wangu. Ningesema maneno mawili tu: ni foleni. Badala yake nikasema, "Vitabu ni vya Kiende."

Halikuwa jibu la swali lake, lakini alilipokea kama jibu. Akafunga daftari. Wa kumi hakuitwa.

Kiende aliondoka siku ileile kabla ya chakula cha mchana, na sanduku lake la bati. Aliulizwa aliyeandika orodha, akanyamaza. Hakuna aliyelinganisha mwandiko. Wasichana wakaacha kuanguka, kama wanavyoacha siku zote mitihani inapoahirishwa, na hiyo ikawa ithibati.

Baba yake hakumtafutia shule nyingine. Kiende alichuma majani chai miaka mitatu, akaufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa nje, akaupita vizuri kuliko mimi. Lakini barua ya shule ya kumfukuza ilikuwa na neno ambalo hakuna chuo kilichotaka kuuliza maana yake. Akaenda sokoni kwa shangazi yake. Shangazi alipofariki, Kiende aliacha nguo, akabaki na vilivyokuwa chini ya robota. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu. Nimefundisha karibu na Karurumo kwa miaka kumi na tisa.

Nilimkuta miaka mitatu iliyopita. Walimu tulikuwa tumeitwa mafunzoni Meru, na saa ya mapumziko nikateremka kuelekea Majengo kutafuta viatu. Kando ya karakana ya seremala, juu ya gunia la mkonge, vitabu vilikuwa vimepangwa kwa mgongo. Mwanamke aliyeketi kwenye kibao alikuwa anasoma, mkono wa kushoto umefunika ukurasa.

Nilisimama kwa muda mrefu hata seremala akaacha randa.

"Mama Vitabu," akaita, "huyu ni mteja ama ni askari wa kanjo?"

Kiende akainua macho. Hakushtuka. "Huyu ni karani wangu," akasema. "Wanjira, umechelewa. Keti."

Seremala huyo jina lake Kiunga. Kwa miaka kumi amemruhusu Kiende kufungia vitabu vyake katika karakana, na kwa miaka kumi amemtania kwamba vitabu vya mashetani vinakunja mbao zake.

"Mbao zako zinakunjika kwa sababu unanunua mbichi," Kiende humjibu.

Chini ya vitabu vya shule na vya mapishi alikuwa na sanduku la vile vya kutisha. Alikuwa amevitafuta mwaka baada ya mwaka. Akatoa kimoja, kizima, mgongo haujaguswa. Nilikitambua kwa simu iliyochorwa kwenye jalada, waya umekatwa. "Hiki hukukimaliza," akasema. "Ulipata mafungu matano tu."

Nilikisoma likizo ya Agosti, mezani jikoni, maharagwe yakitokota. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kwa mara ya kwanza nilisoma kitabu kile kuanzia mwanzo.

Hakikunitisha. Sentensi zilikuwa fupi mno, na kila sura iliishia kwenye kelele ambayo sura iliyofuata ilisema ni paka. Nilicheka pale nilipowahi kujifunika blanketi. Lakini kitu kingine kilinisumbua, na kikaendelea kunisumbua nilipokuwa nikisahihisha madaftari. Sikuwa nimegundua, nilipokuwa mtoto, jinsi msichana yule alivyokuwa peke yake. Mama yake yuko kazini. Polisi anamwambia akalale. Anawaambia watu wazima mara nne kwamba simu iliyokatwa waya inalia, na mara nne hawamwamini. Vitabu vyote ni hivyo. Watu wazima hawaamini hadi ukurasa wa mwisho.

Kwetu waliamini haraka mno. Hilo hakuna aliyeliandikia kitabu.

Nilimpigia simu Kiende kumwambia nimemaliza. Tangu hapo akawa ananitumia kimoja kila mwezi kwa kampuni ya vifurushi, na jioni za Alhamisi tulizungumza.

"Umefika wapi?"

"Anashuka ngazi."

"Mpumbavu. Wote wanashuka. Kuna siku mmoja angepanda, kitabu kingeisha."

"Na wewe unasomea nini vitu hivi bado?"

"Kwa sababu vinaisha," akasema. "Mtu anaogopa, halafu inaisha, halafu unaenda kununua sukuma wiki."

Alhamisi moja aliniuliza, kana kwamba anauliza bei ya nyanya: "Wewe waliwahi kukuita ofisini siku ile?"

"Hapana," nikasema. "Hawakunifikia."

"Nilidhani hivyo," akasema. "Ungewaambia."

Usiku huo na siku nyingi zilizofuata sikulala vizuri.

Mwaka jana mwezi wa Januari alinipigia akiwa na habari. Kanisa analosali lilikuwa na chumba nyuma ya ukumbi, stoo ya zamani, chenye dirisha na mlango mzuri. Aliomba apewe awe anafungulia watoto Jumamosi na wakati wa likizo, waje wasome bure. Vitabu anavyo, Kiunga angetengeneza rafu. Nilimsikia sauti yake na nikatambua kwamba sijawahi kumsikia akitaka kitu. Mambo yote aliyonisimulia ya maisha yake yalikuwa ya kuondolewa.

Kamati ilikuwa karibu kukubali. Halafu mama mmoja, Mama Kajuju, akasema dada yake alisoma shule ile mwaka ule, na kwamba Kiende alifukuzwa kwa kuandikisha wasichana katika ibada ya shetani. Watoto wa kanisa hawawezi kukabidhiwa mtu wa namna hiyo.

"Njoo uwaambie ile karatasi ilikuwa ya nini," Kiende akaniomba. "Mimi nikisema, ni mshtakiwa anajitetea. Wewe ni mwalimu."

Nilisema nitakuja Februari. Februari nikasema nina mitihani. Machi nikasema mvua imeharibu barabara, na kweli ilinyesha, lakini nilikwenda Embu mara mbili wiki hiyo kwa mambo ya kipuuzi. Nilikuwa nikianza kitabu na kukiacha. Nilisimama dirishani darasani huku watoto wakinisubiri niendelee na imla.

"Mwalimu," akaniambia mwezi wa Aprili, "Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Wasiponipa mimi, chumba kinawekwa mahema na viti vya kukodisha."

Nikaenda.

Walikuwa watu watano kwenye meza ndefu, na chupa ya chai na mandazi chini ya kitambaa. Mwenyekiti, Mzee Kobia, alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu. Kiende aliwamiminia chai kama mwenyeji, mikono yake imetulia. Kiunga alikuwa amekuja pia, na futi yake ya kupimia mbao mfukoni, akaketi karibu na mlango.

"Mwalimu Wanjira," Mzee Kobia akaanza, "tunaambiwa ulikuwa naye katika kikundi."

"Hakikuwa kikundi, mzee. Ilikuwa foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya kitabu. Kitabu kimoja, wasichana thelathini."

Nikaeleza wembe, uzi, mafungu sita. Mzee mmoja akacheka, akasema wao enzi zao walikata gazeti hivyohivyo, michezo kwa huyu, vifo kwa yule. Mama Kajuju hakucheka.

"Dada yangu aliiona hiyo karatasi kwa macho yake," akasema. "Ilikuwa na damu."

"Ilikuwa wino wa biro, mama. Nukta ilikuwa alama ya aliyemaliza kusoma."

"Wewe umejuaje ni wino?"

"Karatasi niliiandika mimi. Na biro ilikuwa yangu."

Kiende aliendelea kumimina. Hilo alilijua miaka yote. Mama Kajuju akawatazama wenzake. "Basi walikuwa wawili," akasema.

Mzee Kobia alivua miwani. Alikuwa amekaa ofisi za shule miaka thelathini, na alijua mambo yanavyokwenda humo. "Kwa kawaida tungewauliza wanafunzi," akasema. "Walikuuliza?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikwisha kuisema mara moja na ilikuwa rahisi.

"Waliniuliza nani aliandika. Nikasema vitabu ni vya Kiende."

"Ukijua si yeye aliyeandika?"

"Ndiyo."

"Na ukijua ni foleni?"

"Ndiyo, mzee."

Kiende akaweka chupa ya chai mezani. Aliiweka vizuri, akageuza mshikio wake upande wa mwenyekiti, kisha akaketi. Hakunitazama. Kiunga aliitoa futi mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Walitutoa nje. Tulikaa kwenye benchi la ukumbi, mimi upande huu, yeye upande ule, Kiunga katikati akieleza aina za mbao ambazo hakuna aliyemuuliza. Baada ya nusu saa tukaitwa. Mzee Kobia alisema kamati imeridhika kwamba hapakuwa na ibada yoyote, na kwamba jambo hili lingeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, kwa kuwa kuna mtu aliyebeba jina lisilo lake kwa miaka ishirini na minane. Chumba ni cha Kiende. Sharti moja tu: vitabu vyenye mafuvu visiingie.

Nilidhani atakataa. Alifikiri kidogo.

"Nitavibakisha pale kwenye gunia, nje," akasema. "Watoto wanajua njia ya kutoka nje."

Mzee Kobia akainama kutafuta miwani ambayo alikuwa ameishika, na nadhani alikuwa anatabasamu. Mama Kajuju akauliza kama chumba kitafunguliwa pia likizo ya Aprili, maana ana wajukuu wawili wanaoshinda kwenye simu.

Chumba kilifunguliwa wiki tatu baadaye. Kiunga ndiye aliyeniambia. Hunipigia mara mojamoja, akijifanya anauliza bei ya mbao za mkaratusi huku kwetu. Anasema watoto wanajaa hata wengine wanasomea kwenye ngazi. Anasema Kiende amemtengenezesha rafu mara mbili, ya kwanza haikuwa sawa. Ninapomuuliza kama ananitaja, hurudi kwenye mbao.

Vifurushi vilikoma. Alhamisi hukaa na simu mezani, imelala kifudifudi, na mara nyingi naigeuza kabla haijafika saa moja. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikamwandikia mfupi. Alama zinaonyesha ameusoma. Nina kimoja cha vitabu vyake ambacho sijakimaliza, na najua mwisho wake kwa sababu mwaka 1996 fungu la sita ndilo lililonifikia kwanza.

Jumamosi ile ya kikao alinisindikiza mpaka lango la kanisa. Ulikuwa uungwana tu, mgeni hasindikizwi na seremala. Manyunyu yalikuwa yameanza, yale ya Meru yasiyoamua kuwa mvua. Nilimwambia samahani. Nilimwambia kwamba nilikuwa na miaka kumi na mitano, na kwamba kama ningesema ukweli isingesaidia kitu, tungefukuzwa wote wawili.

Alifikiria hilo kwa haki, kama alivyofikiria sharti la kamati. Akafunga kifungo cha juu cha sweta yake.

"Ni kweli, tungefukuzwa wote wawili," akasema. "Lakini ningekuwa na mtu wa kunishikia upande mmoja wa lile sanduku la bati."